Mwamini Ametulia

Alhamisi, 4 Septemba

Kituo cha Neema tena. Benchi lile lile, joto lile lile, Bosco na kalamu yake. Ndiye muuguzi mkuu wa kituo. Mtu mwema, ila kalamu yake ina haraka kuliko masikio yake. Mimi nimeketi nyuma ya mgongo wake. Cheo changu kwenye karatasi: msimamizi wa dawa za wagonjwa wa akili katika vituo vya serikali. Kazi yenyewe: kumkera mtu mzima mbele ya wagonjwa wake.

Asubuhi nzima nimesikia swali moja. "Anatulia?" Anaulizwa mama, kaka, mke, yeyote aliyemleta mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe anaangalia ukuta. Wakisema anatulia, Bosco anarudia dawa ile ile. Wakisema hatulii, anaongeza. Swali la pili sijalisikia. Mwanamume mmoja aliingia akiburuta miguu, mate yanamchuruzika hadi kifuani, akaandikiwa haloperidol, kidonge cha wazimu, ile ile kwa sababu kaka yake alisema anatulia sana. Hilo "sana" alilisema kwa furaha.

Halafu Mwamini na mama yake, Mama Zaina. Watu wa Maniema, wamekaa hapa Kisangani miaka. Binti ni msusi, alikuwa na mwavuli wake karibu na soko. Aliumwa mwaka jana, baada tu ya kumzaa Jolie. Sauti kichwani. Alitoka uchi hadi barabarani na vijana wakamrushia mawe. Kovu lipo juu ya jicho. Mume alirudi kwao Barumbu, hajatuma hata salamu. Sauti zilinyamaza zamani, lakini leo Mwamini hawezi kuketi. Anainuka, anakaa, anainuka, anakanyaga pale pale kama aliyesimama juu ya siafu.

"Mutoto hatulie, Papa Bosco. Umuongezee."

Bosco alikwisha kuanza kuandika. Nikamshika mkono. Huo si wazimu, ni dawa yenyewe. Haloperidol ikizidi, miguu inakosa raha. Ukiongeza dawa unamwongezea moto. Nimepunguza kwa nusu. Mama Zaina aliniangalia kana kwamba nimemnyang'anya mwanawe sahani.

Ijumaa, 5 Septemba

Neno hilo halijanitoka tangu jana. Kutulia. Mtoto akishiba anatulia. Mlevi akiangukia mtaroni naye ametulia. Kwenye ripoti sisi tunaandika "calme", neno hilo hilo kwa Kifaransa, na wakubwa wanafurahi. Maiti naye ni calme.

Leo katika mkutano wa wauguzi nimelipiga marufuku. Nimewaambia atakayeuliza "Anatulia?" nitamkatiza mbele ya watu. Ulizeni: "Anafanya nini nyumbani?" Anapika? Anavua? Anauza? Anagombana na jirani? Basi dawa inamfaa, au inakaribia kumfaa. Hafanyi kitu? Shikeni mikono yake, angalieni shingo na ulimi, punguzeni. Nimeandika swali hilo kwenye karatasi mpya za wagonjwa, pale pale lilipokuwa neno la zamani.

Wametikisa vichwa wote kwa pamoja. Ninawajua wakitikisa vichwa wote kwa pamoja. Hata hivyo nimerudi nyumbani na moyo mwepesi, mimi mwanamke mzima, nimekaanga ndizi huku naimba.

Alhamisi, 11 Septemba

Mwamini ameketi. Kwenye kiti, mikono mapajani, muda wote.

Nilimuuliza yeye mwenyewe anafanya nini nyumbani. Akamtazama mama yake kwanza. Kisha: "Nimesuka Jolie." Akamgeuza mtoto nione. Mistari imepinda, mmoja umefia katikati ya kichwa. Mikono bado inatetemeka. Nikasema imependeza. Akacheka, kicheko cha kweli, cha puani.

"Mama Sifa, uko unadanganya. Iko mibaya."

Nilitaka kumkumbatia. Anachotaka ni kurudi chini ya mwavuli wake kabla ya sikukuu, wakati kila mwanamke wa Kisangani anataka kichwa kipya. Na anataka Jolie aache kumwita bibi yake mama. Sauti hazijarudi. Analala. Nimepunguza tena kidogo.

Baada ya hapo nikapitia karatasi mpya za Bosco. Anafanya nini nyumbani? "Anatulia." Mgonjwa anayefuata: "Anatulia." Anayefuata: "Anatulia sana." Nilicheka hadi machozi, kisha kicheko kikaisha yakabaki machozi.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa nilipita kwa Mama Zaina. Sauti ya Mwamini niliisikia tangu barabarani. Jirani alichukua kigoda cha Mwamini akaanikia nguo. Mwamini anamchamba, mdomo mkali, hoja zimepangwa vizuri, watu wanacheka, na yeye mwenyewe anacheka kwa nguvu. Nilisimama nikafurahi kama niko kwenye harusi.

Mama Zaina akatoka mbio, uso umemwisha damu, akamvuta ndani na kufunga mlango. Mchana kweupe. Nilimweleza kwamba huo ni ugomvi tu, hata mimi kigoda changu ningekitetea.

"Mama, njo vile ilianzaka."

Wazimu wa mwaka jana, anasema, nao ulianza kwa kelele hivi. Roho imenikaa vibaya.

Jumanne, 16 Septemba

Daktari anayeongoza mradi wetu wa dawa ameniita. Zimefika sindano za mwezi, maboksi kwa maboksi, msaada. Tarehe ya kuharibika iko karibu.

Dawa hii ninaiheshimu. Ikiingia inakaa mwilini wiki kadhaa, mgonjwa hana haja ya kumeza kitu kila siku. Kuna watu imewaokoa. Lakini kidonge kikimdhuru mtu unakiacha kesho yake. Hii ikimdhuru, hakuna wa kuitoa. Nimemwambia: vidonge kwanza, mwili uonekane unavyoipokea. Kisha dozi ndogo. Na kidonge cha kulegeza misuli kiwepo, kwa atakayekakamaa.

"Bien sûr, Mama Sifa. Weye njo unajua."

Aliitikia upesi hivyo, halafu akauliza Neema wataweza kumaliza maboksi mangapi. Zikiharibikia mikononi mwetu, amesema, hawatatuletea tena. Hapo hakosei. Kidonge cha kulegeza hakuna. Vijana wa mjini wanakitafuta kwa ajili ya kulewa, na kwenye bohari yetu kinatokea dirishani, kwa wizi, zaidi kuliko mlangoni.

Alhamisi, 18 Septemba

Njia ya Bengamisa. Nimetumwa kukagua kituo cha huko. Lori limelala katikati ya matope, hapiti mtu. Mvua. Kwanga, mkate wa muhogo, na pilipili, basi. Simu haina mtandao. Leo ndiyo siku ya wagonjwa pale Neema. Sipendi kutokuwepo.

Ijumaa, 19 Septemba

Wamemchoma Mwamini.

Jana. Sindano ya mwezi, kichupa kizima. Bila dozi ndogo ya kujaribu. Bila kidonge cha kulegeza.

Kisa ni kile kigoda. Jumatano ugomvi ulirudi, Mwamini akapiga kelele, watu wakajaa, na kijana mmoja akaokota jiwe. Hakulirusha. Aliliokota tu akawa nalo mkononi. Mama Zaina aliliona. Asubuhi akamleta binti Neema, akapiga magoti mbele ya benchi zima, akaomba ile sindano mpya ambayo mji mzima unaisema.

Nilimpigia Bosco makelele ambayo sijampigia mtu tangu nizaliwe. Alinisikiliza amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Nilifanya nini sasa, Mama? Mama yake iko analia chini. Na weye hukukuwa."

Kweli. Nilikuwa kwenye matope. Nimemchukia kwa kuwa na haki.

Jumapili, 21 Septemba

Sikwenda misa. Alikuja jirani wa Mama Zaina, yule yule wa kigoda, anahema. Mwamini amepinda.

Hawakumpeleka kituoni. Walimpeleka chumba cha maombi. Nimemkuta sakafuni, shingo imevutwa nyuma hadi kisogo kinakaribia bega, macho yameganda juu, ulimi umetoka nje na haurudi. Anasikia yote. Machozi yalikuwa yanamtoka pembeni. Mchungaji amemshika kichwa anaamuru pepo wa nyoka atoke. Watu wanapiga makofi. Mama Zaina yuko ukutani amemfunika Jolie uso.

Hakuna nyoka. Ni misuli tu. Sindano ya mwezi inafanya hivi siku za mwanzo kwa baadhi ya watu, kila kitabu kimeandika. Mkobani huwa nabeba dawa ya mzio ya kuchoma, hiyo nayo hulegeza. Nilipiga magoti kati ya mchungaji na mgonjwa nikamchoma pajani huku wanaimba. Tulingoja. Shingo ikaanza kurudi polepole, ulimi ukaingia, macho yakashuka akaniona.

"Amen!" chumba kizima. Mchungaji akainua mikono. Nyoka ametoka.

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilimwambia Mama Zaina nje, neno kwa neno: ni sindano ndiyo iliyofanya vile. Alinishika mikono miwili akanishukuru kwa kumsaidia mchungaji.

Alhamisi, 25 Septemba

Hajapinda tena. Sasa amekakamaa. Uso umefungwa. Anatembea hatua ndogo ndogo, mikono haichezi. Nilimpa kitana nikamwomba anishikie tu. Kilianguka. Akakitazama pale chini, na hata kuinama hakuweza kuanza.

Bosco aliuliza, akanikumbuka, akajisahihisha: "Anatu... anafanya nini nyumbani?" Mama Zaina akajibu kwa sauti ya kupumzika: "Ametulia, Papa. Nashukuru Mungu."

Nimezunguka mji kutafuta kidonge cha kulegeza. Duka moja wanacho, wanakiuza kwa vijana nyuma ya pazia. Mwenye duka alidhani nanunua cha kulewa, akanikonyeza. Mimi na mvi zangu. Nimenunua, nimekipeleka kwa Mama Zaina, nimemwonyesha: asubuhi kimoja, mchana kimoja. Atarudi, nimemwambia. Utamwona anarudi.

Alhamisi, 2 Oktoba

Hakurudi. Mikono ile ile, mate, uso wa ubao. Sikuelewa. Dawa ile haishindwi hivi.

Jioni nilikwenda kwao. Vidonge vipo, vimefungwa kwenye kona ya kitenge cha Mama Zaina. Alimpa siku ya kwanza na ya pili. Siku ya pili Mwamini aliinuka mwenyewe, akaenda mlangoni, akasema anataka kwenda sokoni. Mama akaacha kumpa.

Nilimwambia hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Hilo hasa. Alinisikiliza hadi mwisho, mama huyu si mjinga. Kisha akanijibu taratibu, bila hasira.

"Mama Sifa, weye unamuonaka mu kituo. Miye njo niliokota mutoto wangu mu barabara. Batu bote bako bamemuona uchi. Sasa iko inakaa. Hakuna mutu anamurushia jiwe. Aikale vile, lakini aikale."

Awe hivyo, lakini awe hai. Sina polisi wa kumpa, sina mtaa mwingine wa kumhamishia, sina wa kuwatoa wale vijana mawe mikononi. Nina maneno juu ya dozi. Niliondoka.

Jumanne, 7 Oktoba

Wageni wa mradi wametoka Kinshasa kupima kazi yetu. Daktari aliwapeleka moja kwa moja Neema. Benchi lilikuwa limejaa na hapakusikika hata kikohozi. Mgeni mmoja, mama wa miwani, alinong'ona kwamba hajawahi kuona kituo cha wagonjwa wa akili chenye utulivu namna hii. Aliandika. Akaniuliza siri yetu.

Nikasema. Nilisema kwamba nusu ya hawa si wagonjwa tena, ni wagonjwa wa dawa yetu. Nikamwonyesha Mwamini, nikainua mkono wake, ukawa unakwama kwama kama gurudumu lenye kutu. Nikasema hakuna kidonge cha kulegeza. Nikasema maboksi yanamalizwa kwa sababu yataharibika, na wanaomaliziwa ni hawa.

Alinisikiliza vizuri. Aliandika hayo pia. Daktari akatabasamu, akasema Mama Sifa ana moyo mkubwa, na wakaenda kula samaki.

Nilipotoka nilimkuta Bosco kwenye varanda. Alisema, bila kunitazama, kwamba yote niliyosema ni kweli. Ningependa angeyasema ndani.

Jumatano, 15 Oktoba

Kesho ni zamu ya Mwamini kuchomwa tena. Nimekaa na Bosco mchana huu, chai na maandazi, nimeacha ukali. Nikamwomba aache kabisa. Hawezi: mama atampeleka kwa mtu wa kuchoma mitaani, huko atachomwa na chochote. Ana haki tena. Basi nusu, nikamwomba. Nusu ya kichupa. Mwezi ujao robo. Hivyo mama hataona tofauti ghafla, na binti atapata mikono yake polepole.

Amekubali. Ameandika nusu, akapigia mstari. Amenipa mkono. Nimeruhusu moyo wangu utumaini kidogo, nimeukemea, umekataa kunisikia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nilikuwepo. Nilikuwa pale pale, hatua chache.

Bosco amevunja kichupa, amevuta nusu. Sawasawa, niliiona kwa macho yangu. Kisha akabaki na nusu nyingine mkononi, ndani ya kioo kilichovunjwa. Kichupa kikishafunguliwa hakiwekwi. Ni cha kumwaga.

Benchi lote lilikuwa linatazama. Watu waliotembea tangu alfajiri. Watu ambao mwaka mzima wameambiwa dawa imekwisha, rudi wiki ijayo. Baba mmoja mzee mbele kabisa alikuwa ameshika mkono wa mwanawe na macho yake yamekodolea kile kichupa. Bosco akatazama ndoo ya taka. Akatazama benchi. Akanitazama.

"Nitaimwaga mbele ya batu, Mama? Dawa?"

Nikasema imwage. Nilisema kwa sauti. Baba mzee akaguna, na benchi zima likaguna naye.

Akavuta nusu iliyobaki akamchoma Mwamini yote.

Hakufanya kwa ubaya. Katika mji huu hujawahi kumwona mtu anamwaga dawa nzima, nzuri, ya bure, mbele ya anayeikosa. Mimi mwenyewe sijui kama mkono wangu ungeweza. Lakini usiku huu Mwamini ana mwezi mwingine mwilini, na aliinamisha kichwa akavuta sketi yake juu mwenyewe, polepole, kuwasaidia.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sikwenda kazini. Nilisema malaria. Nimelala nimetazama bati.

Alhamisi, 30 Oktoba

Barua ya wageni imefika. Neema imetajwa kwa sifa. Wataleta maboksi mengine ya sindano. Juu ya kidonge cha kulegeza wameandika kwamba maoni ya msimamizi yamezingatiwa. Daktari ameiandikia Neema cheti, Bosco amekikunja akakitia mfukoni bila kukisoma.

Nimewauliza wauguzi wapya waliokuja mafunzoni: mtauliza nini? Wakajibu kwa pamoja, "Anafanya nini nyumbani?" Wameshika vizuri. Nitawaona baada ya mwezi mmoja kwenye benchi lao, na mama analia chini.

Sina hasira tena. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua imekatika mchana. Nilipita kwa Mama Zaina bila sababu, nimewabebea pondu, majani ya muhogo.

Mwamini alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Amenenepa. Kitambaa safi kichwani, nguo imepigwa pasi, mama yake anamtunza kama yai. Jolie amelala juu ya miguu yake. Mkono wa Mwamini umewekwa juu ya mgongo wa mtoto. Umewekwa na bibi, nilimwona akiuweka. Majirani wanapita, wanasalimia, hakuna anayesimama kutazama. Mama Zaina alinikaribisha kigoda na kwenda jikoni kutwanga majani.

Nikaketi karibu na Mwamini. Nikamfuta mate. Midomo yake ilianza kusogea kabla ya sauti, ikachukua muda mrefu, nikainama nisikie.

"Mama... ile sindano... itaisha siku gani?"

Nikamwambia inaisha polepole, inaisha yenyewe, avumilie. Akafumba macho, akafumbua, ndiyo namna yake ya kuitikia siku hizi. Kinu kilikuwa kinasikika kutoka jikoni. Sikumwambia kwamba keshokutwa ni Alhamisi, mwezi umetimia.